Kujitayarisha kwa mahojiano ya kazi ya ufundi wa kompyuta

Maneno yaliyosemwa mbele ya familia zilizokimbia vita na viongozi wao

 

Tumeombwa kuzungumza juu ya jambo ambalo vijana wetu wanatuuliza mara nyingi: namna ya kujitayarisha wakati mtu ameitwa kwenye mahojiano ya kazi ya ufundi wa kompyuta. Tunasema juu ya yule fundi ambaye wengine wanamwita wakati kompyuta haiwaki, intaneti imekatika, printa imekataa kutoa karatasi, simu ya kazi imejifunga, au betri za mitambo ya jua zimekufa. Mashirika ya misaada, hospitali, redio, shule, benki na kampuni za simu, wote wanahitaji mtu wa namna hiyo.

Pengine mmoja wenu anajiuliza: jambo hili linahusu amani kwa nini? Linahusu kwa njia tatu. Kwanza, kijana anayekaa bure mwaka baada ya mwaka, ni rahisi kwa wenye silaha kumvuta porini. Pili, nafasi moja ya kazi ikitolewa, maneno yanaanza: "Wamempa kwa sababu ni mtu wa kabila lao." Maneno hayo yamegawanya watu waliokuwa wakichota maji kwenye bomba moja. Tatu, fundi wa kompyuta anashika majina ya watu waliokimbia, na majina hayo yakitoka, watu wanaweza kupoteza maisha. Ndiyo sababu tunasema na vijana, na tunasema vilevile na wazazi na viongozi. Kila mmoja ana sehemu yake.

Haki yako kabla ya yote

Wengi wetu tukiingia katika ofisi ya watu tunajisikia kama waombaji. Tuondoe wazo hilo. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 36, inasema kwamba kazi ni haki na ni wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani, na kwamba mtu asidhulumiwe katika kazi yake kwa sababu ya asili yake, ya kuwa mwanamke au mwanaume, ya mawazo yake, ya imani yake wala ya hali yake ya maisha. Vilevile Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi yao, za mwaka 1998, zinasema mtu aliyekimbia ana haki ya kutafuta kazi kwa uhuru kama raia wengine.

Kwa hiyo unapokwenda kwenye mahojiano, huendi kuomba msaada. Wao wana kazi inayohitaji mikono, na wewe una mikono hiyo. Unakwenda kuonyesha unachojua.

Karatasi zilizobaki njiani

Shida ya kwanza ni karatasi. Watu wengi walikimbia na mtoto mgongoni na sufuria mkononi, na diploma ikaungua ndani ya nyumba. Wengine walikimbia zaidi ya mara moja. Tunakumbuka mwanzo wa mwaka 2025, wakati vita vilipoingia Goma na kambi nyingi za kandokando ya mji zikabomolewa, jinsi familia zilivyorudi tena barabarani na mizigo kidogo tu.

Usisubiri siku ya kuitwa ndipo uanze kutafuta. Anza sasa. Kama kadi yako ya mpiga kura imepotea, nenda kwenye komini au kwa mamlaka ya mahali unapokaa uombe hati ya kupoteza vitambulisho. Kanuni zile za mwaka 1998 zinasema pia kwamba mtu asilazimishwe kurudi kule alikokimbia ili tu apate karatasi zake. Kama ni diploma, tafuta shule yako, hata ikiwa nayo imehama; tafuta mkuu wa shule au mwalimu anayekumbuka mwaka wako, na uulize kwenye ofisi ya elimu, ambako matokeo ya mtihani wa taifa yanahifadhiwa. Ile karatasi yoyote uliyo nayo, ipige picha kwa simu na ujitumie mwenyewe kwa barua pepe. Karatasi inaweza kuungua, lakini picha iliyo ndani ya barua pepe utaifungua popote utakapofika.

Pale ofisi ya ONEM inapofanya kazi, jiandikishe kama mtafuta kazi. Waajiri wengi wanaomba kadi yake.

Na kama karatasi fulani haipatikani kabisa, sema hivyo wazi ndani ya barua yako: ilipotea lini, wapi, na nani anaweza kushuhudia. Karatasi ya kughushi usiikaribie. Ikigunduliwa baada ya miezi 6, utapoteza kazi na jina pamoja.

Soma tangazo mara tatu

Mara ya kwanza soma ili ujue kazi ni ipi, iko wapi, na siku ya mwisho ya kupeleka barua ni lini. Mara ya pili, chukua kalamu na uandike kila jambo wanalotaka: kutengeneza kompyuta, kuangalia mtandao, kufundisha watumishi, kuendesha pikipiki, kusema Kifaransa na Kiswahili. Mara ya tatu, kando ya kila jambo, andika siku moja ambayo wewe ulifanya jambo hilo.

Hapa vijana wengi wanasema: "Lakini mimi sijawahi kufanya kazi ofisini." Sawa. Ulikuwa unatengeneza simu sokoni? Ni kazi. Ulikuwa unaangalia mashine ya kutoa nakala karibu na chuo? Ni kazi. Uliunganisha paneli ya jua ya kanisa, ukafundisha wamama wa kikundi kutumia pesa za simu? Ni kazi. Andika mwaka, mahali, na idadi. "Nilitengeneza simu" ni neno dogo. "Kuanzia mwaka 2021 hadi 2023 nilikuwa na meza ya kutengeneza simu, nikipokea watu 5 au 6 kwa siku, na kila simu niliiandika katika daftari" ni neno ambalo mwajiri atalisikiliza. Lakini andika hesabu yako ya kweli, maana watakuuliza zaidi.

Maswali ya ufundi

Tukae kidogo hapa. Mara nyingi kuna mtihani wa kuandika au wa kufanya kwa mikono, kisha unaingia mbele ya watu 2 au 3 wanaouliza. Wanaouliza wanataka kuona njia unayopitia hadi kufika kwenye jibu, hata kuliko jibu lenyewe. Fundi mbaya anafungua mashine mara moja. Fundi mzuri anauliza kwanza, kama mganga anavyomuuliza mgonjwa.

Tuchukue mfano. Wanakuambia: "Mtumishi anasema kompyuta yake imekufa. Utafanya nini?" Jibu kwa mpangilio. Nitamwuliza ilianza lini, na nini kilifanyika kabla yake: umeme ulikatika, ilianguka, ilimwagikiwa na maji? Nitaangalia kama umeme unafika kwenye ukuta, kisha kwenye waya, kisha kwenye chaja, maana kwetu umeme unaokuja na kwenda unaua chaja nyingi. Nitajaribu chaja nyingine. Kama taa inawaka lakini skrini ni nyeusi, nitaunganisha skrini nyingine. Kama ni ya mkononi na betri inatoka, nitaitoa, nitabonyeza kitufe kwa muda, kisha nitajaribu kwa chaja peke yake. Kabla ya kugusa diski, nitauliza kama kazi yake ina nakala mahali pengine. Mwisho nitaandika nilichokuta na nilichofanya.

Mfano wa pili: "Intaneti haifanyi kazi." Swali la kwanza: ni ya mtu mmoja au ya ofisi nzima? Kama ni ofisi nzima, nenda kwenye ruta na antena, angalia umeme na taa zake. Kama ni mtu mmoja, angalia waya au wifi yake, kisha angalia anwani ya IP ya kompyuta. Ukiona inaanza na 169.254, ujue kompyuta imejipa anwani yenyewe kwa sababu haikupewa na ruta. Kama anwani ni nzuri, tumia ping kuelekea ruta kwanza, kisha kuelekea anwani ya nje kama 8.8.8.8, kisha kuelekea jina la tovuti. Ruta ikijibu na anwani ya nje isijibu, shida iko kati ya ruta na kampuni ya intaneti. Anwani ya nje ikijibu lakini jina lisijibu, tatizo liko kwenye DNS, ile huduma inayogeuza majina kuwa namba. Mtu akieleza hatua hizo bila haraka, wanaouliza wanaona kwamba ana akili ya ufundi.

Mfano wa tatu unatoka katika maisha yetu: flash. Mtumishi anarudi kutoka kijijini, anaweka flash, na mafaili yote yamegeuka alama ndogo zisizofunguka. Usiseme "nitaifomati." Mara nyingi mafaili bado yapo, yamefichwa tu na kirusi. Sema utaitenga flash hiyo, utaipitisha kwenye antivirusi iliyosasishwa, utayafichua mafaili na kuyahifadhi, ndipo uisafishe. Kisha utachunguza kila kompyuta ambayo flash ilipita.

Mfano wa nne ni betri. Katika ofisi za mbali na mji, fundi wa kompyuta ndiye fundi wa mitambo ya jua. Jua kwamba betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inaonyesha karibu volti 12.7, na ikishuka hadi 12.0 imebakiwa na kidogo sana. Kuendelea kuinyonya hapo ni kuiua.

Wanaweza kuuliza pia juu ya Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuipa matengenezo ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi nyingi bado zina mashine za namna hiyo. Jibu la busara ni kuhesabu mashine zote, kuona zipi zinaweza kubeba programu mpya, na kuanza na zile zenye siri za watu.

Na swali usilolijua? Kuuliza si ujinga, na kusema "sijui" si aibu. Sema: "Jambo hili sijalifanya bado. Ningeanza kwa kuangalia hivi, kisha ningemwuliza mwenye kujua zaidi." Mtu anayedanganya juu ya waya mmoja, kesho atadanganya juu ya jambo kubwa.

Mtu mwenye hasira

Nusu ya kazi hii ni watu. Kwa hiyo watakuuliza: "Mkubwa mmoja anapiga kelele mbele ya wote kwamba wewe hujui kazi. Utafanya nini?"

Ndugu vijana, jambo hili mnalijua kuliko watu wengi. Mmesimama katika mistari ya chakula, mmeona watu wakigombana juu ya jina lililosahauliwa kwenye orodha, na mmeona yule mama mmoja aliyejua kutuliza wote. Alifanya nini? Alisikiliza hadi mwisho. Hakupandisha sauti. Alirudia kilio cha mtu kwa maneno yake ili ajue amesikiwa. Alisema nini kitafanyika na saa ngapi. Kisha alirudi saa hiyo kama alivyosema, hata kama alirudi kusema bado.

Sema hivyo hivyo. Kama ulikuwa katika kamati ya maji au katika kikundi cha upatanisho, toa mfano huo. Usitaje majina ya watu waliogombana, lakini eleza ulifanya nini.

Siri ya majina

Swali hili tunaomba mlitayarishe kuliko yote. "Ndugu yako, au kiongozi wa kwenu, au mtu mwenye silaha anakuomba orodha ya familia zilizoandikwa. Utafanya nini?"

Orodha ya waliokimbia inaonyesha nani ametoka kijiji gani, nani ni mjane, mtoto gani hana mzazi, nani anakaa wapi. Kwa shirika ni orodha ya unga na mafuta. Kwa mwenye kisasi ni ramani. Fundi anaiona kwa sababu ndiye anayetengeneza mashine iliyoihifadhi.

Jibu liwe fupi: Sitatoa. Ndugu yangu nitamwambia kwamba si mali yangu. Kiongozi nitamwelekeza kwa mkuu wa ofisi. Mwenye silaha sitashindana naye peke yangu. Nitamwambia sina ruhusa, na nitamjulisha mkuu wangu mara moja. Halafu ongeza namna ya kuzuia mapema: kila mtu na neno lake la siri, diski iliyofungwa kwa maneno ya siri, orodha isitembee kwenye flash, na mtu aone tu kile ambacho kazi yake inahitaji. Ukijibu hivyo, unaonyesha kwamba umeelewa kazi iko katika nchi gani.

Miaka ya vita katika maisha yako

Watakuuliza: "Kati ya mwaka huu na huu ulikuwa wapi?" Wengine wanaona haya, wengine machozi yanatoka. Tayarisha jibu la maneno machache: "Vita vilitufukuza. Nilikaa kambini miaka 2. Katika muda huo nilifanya hiki na hiki." Si lazima kueleza waliouawa wala uliyoyaona. Ukiulizwa zaidi ya hapo, unaweza kusema kwa heshima: "Hayo ni mazito kwangu, niko tayari kueleza juu ya kazi." Na wakikuuliza kabila lako, rudisha mazungumzo kwenye kazi: "Mimi ni Mkongomani, na niko tayari kuhudumia kila mtu atakayeniita."

Kazi hainunuliwi

Sasa tunasema jambo zito, na tunaomba wazazi watusikilize. Kuna watu wanaoomba pesa ili jina lako lipite. Kuna wanaoomba sehemu ya mshahara kila mwezi. Kuna wanaoomba mwili wa binti. Si maneno ya mtaani tu. Mwezi wa Septemba 2021, tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti juu ya wanawake walioombwa ngono ili wapewe kazi wakati wa Ebola huku mashariki mwa nchi yetu, kati ya mwaka 2018 na 2020.

Binti asiende kwenye mahojiano hotelini, nyumbani kwa mtu, wala usiku. Aende na mtu wa kumsubiri nje. Akiombwa jambo la namna hiyo, aondoke. Si yeye mwenye kosa. Mashirika mengi yana namba ya simu au sanduku la malalamiko, na kulalamika si kusaliti. Tangazo linaloomba pesa ya faili au ya mafunzo kabla ya kazi, lichaneni. Na wazazi, msimwambie binti yenu: "Vumilia, tunahitaji chakula." Neno hilo linamfungia mlango wa kurudi nyumbani.

Sehemu ya familia na ya viongozi

Familia inaweza kusaidia kwa mambo madogo. Siku mbili kabla, mpunguzieni kazi za maji na kuni. Mlindieni watoto. Mpeni nauli ya kwenda na kurudi. Jioni, mmoja akae kama mwajiri na kuuliza, mwingine asikilize, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, maana mara nyingi lugha zote mbili zitatumika.

Nanyi viongozi, mnaweza kuandika barua ya kushuhudia tabia ya kijana. Andikeni kile mlichokiona kwa macho, na mwaandikie kwa haki vijana wa makabila yote. Lakini msipige simu kusema, "Nafasi hii ni ya watu wetu." Tangazo likifika kwenu, lisibaki mfukoni, libandikeni ubaoni, lisomwe kanisani na msikitini. Na kazi ikipewa mtu mwingine, ulizeni kwanza namna alivyochaguliwa kabla ya kuacha maneno ya kabila yatembee. Watu wakijua kwamba wote walisoma tangazo moja na kufanya mtihani mmoja, hasira inapungua.

Siku yenyewe

Nguo iwe safi, hata kama ni ya kuazima. Fika dakika 30 kabla, kwa sababu ya mvua na vizuizi vya barabarani. Beba karatasi halisi na nakala, kalamu 2, na daftari. Zima simu. Salimu mlinzi kwa heshima; yeye naye ni mtu utakayemhudumia. Usipolielewa swali, omba lirudiwe.

Mwishoni watasema: "Una swali?" Usiseme hapana. Uliza ofisi ina kompyuta ngapi, nani anafanya ufundi huo leo, na mtu akianza atasaidiwa na nani. Wakikupa mkataba, usome kabla ya kutia sahihi. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inasema muda wa majaribio hauwezi kupita miezi 6, na kwa kibarua asiye na ufundi mwezi 1. Uliza hilo bila woga.

Ukirudi nyumbani, andika maswali yote waliyokuuliza wakati bado unayakumbuka. Ukipata kazi, wape wengine daftari hilo. Usipopata, lipeleke kwa kikundi chenu mjifunze pamoja, kwa sababu maswali yale yale yatarudi kwenye ofisi nyingine. Tumeona vijana wa kabila mbili ambazo wazazi wao hawasalimiani, wakikaa chini ya hema moja juu ya kompyuta moja mbovu, wakibishana kama ni diski au ni waya. Hatutaki kuwaahidi kwamba wote watapata kazi; nafasi ni chache. Lakini kikundi kama hicho mnaweza kukianza wiki hii, hapa mlipo, na tuko tayari kukaa pamoja nanyi siku ya kwanza.

Sasa tunasikiliza maswali yenu, na tungependa wamama waanze.